Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara: Kikundi Chetu cha Kusaidiana, Mbagala

Mimi ni katibu wa kikundi. Maswali haya nimeyakusanya kutoka vikao vya Jumapili, simu za usiku, na kwa watu wanaosimama mlangoni wakisema wamekuja kuulizia maji kumbe wana lao. Nimeyaacha kama yanavyoulizwa.

Nyie ni nani hasa? Ni shirika?

Ni majirani. Tulianza kama mchezo wa kawaida wa kinamama: kila wiki wote wanachanga na mmoja anapokea, kijumbe anazunguka na daftari. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Machi 17, 2020, wanne kati yetu walikuwa wanauza vitumbua, mihogo na ubuyu kwenye mageti ya shule. Kesho yake hawakuwa na mteja hata mmoja, na zamu za mchezo zilikuwa zinaendelea. Mmoja akauza godoro lake ili asiruke zamu. Tulikuja kujua wiki mbili baadaye, tena mtoto wake ndiye aliyeropoka. Siku hiyo mchezo tukausimamisha, hela ya wiki ile tukaigeuza mfuko.

Shule zilifunguliwa Juni 29 mwaka ule, mfuko ukabaki. Mwaka 2022 lita ya petroli hapa Dar ilipovuka shilingi 3,000, kila kitu kinachopanda gari kutoka shambani kikapanda bei nacho, tukashukuru kwamba hatukuuvunja.

Tumesajiliwa manispaa kama kikundi cha kijamii. Hatuna gari, hatuna mfadhili, na ofisi yetu ni baraza la mwenzetu mmoja lenye mkeka na benchi mbili.

Nani anastahili kusaidiwa?

Mtu wa mitaa yetu aliyebanwa. Hatuna fomu ya kupima umaskini. Mjane anayelea wajukuu watatu, kijana aliyepokonywa bodaboda ya mkataba, fundi aliyeanguka kwenye ngazi na hana wa kumdai, dada wa kazi aliyefukuzwa saa tatu usiku na mfuko wa rambo. Wote tumewahi kuwa nao.

Wanachama wawili wanakuja kwako, wanakaa, wanaongea. Hawaendi kufunua masufuria. Ukiwa mzoefu unajua tu: jiko halina majivu mapya, mtoto amelala saa tano asubuhi wala haumwi. Kisha wanarudi na kusema ndiyo au bado. Mpangaji mgeni aliyehamia mwezi jana anahesabiwa sawa na mzaliwa wa hapa, ingawa jambo hilo lilitugombanisha vikao viwili vizima.

Mnatoa hela mkononi?

Mara chache sana: nauli ya kwenda hospitali, au hela ya picha ndogo na kutoa kopi kwa mtu anayefuatilia karatasi zake. Kwa chakula tuna utaratibu mwingine, na ndio ninaojivunia kuliko yote tunayofanya.

Mangi wa duka la kona ana daftari letu la kijani. Ukishakubaliwa unakwenda dukani kama mteja yeyote. Unasema, "Mangi, unga kilo mbili, maharage nusu, mafuta kipimo kimoja, na kipande cha sabuni ya mche." Anakupimia, anaandika namba yako, jina hapana, unaondoka. Aliye nyuma yako anadhani umekopa, na kukopa kwa Mangi Mbagala hakumvunjii mtu heshima. Jumapili tunamlipa sisi. Taulo za kike zimo katika orodha. Kwenye daftari zinaandikwa "T", kwa sababu mara ya kwanza tulipoziandika kwa kirefu, wasichana hawakuzichukua.

Kiwango ni wiki sita, kisha tunakaa tena na wewe. Bia, sigara na vocha Mangi hatoi. Sukari tulibishana sana. Ikashinda sukari, maana chai ya rangi isiyo na sukari huwezi kumpa mgeni, na mtu asiyeweza kukaribisha mgeni anaanza kuwakwepa watu.

Mbona hamna picha za watu mliowasaidia?

Kwa sababu tulishawahi kupiga, tukajuta.

Ramadhani moja huko mwanzoni tulipata msaada wa mchele kutoka kwa mtu mwenye nafasi. Akaomba picha, tukapanga watu mstari na mifuko mikononi, mimi mwenyewe nikiwa na simu. Picha ikapanda kwenye magrupu ya mtaa kabla hata ya magharibi. Jumatatu mtoto mmoja akarudi shuleni akiitwa "mchele wa bure", na mama yake tangu siku ile tukikutana barabarani anavuka upande wa pili. Alikuwa na mchele ndani, lakini tulikuwa tumemvua nguo mbele za watu. Wazee wana neno kusitiri, na siku ile tulifanya kinyume chake.

Ndiyo maana daftari lina namba. Mtoaji akisema bila picha hatoi, tunamshukuru na tunamsindikiza hadi barabarani.

Nimekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na marejesho yamenishinda. Mtanilipia deni?

Hapana. Lakini njoo, tena njoo leo, usisubiri wakufuate nyumbani.

Hatulipi deni kwa sababu mfuko wetu ungekwisha Jumapili moja, na pia kwa sababu tulishajaribu mara moja: mkopeshaji alipoona kuna kikundi nyuma ya mama yule, alimwongezea mkopo mwingine wiki ileile. Tunachofanya ni kukaa na wewe na karatasi. Unataja madeni yote. Yote, mpaka la shemeji na la muuza genge. Karibu kila mtu anataja matatu kwanza, na la nne linatoka chai ikishamiminwa. Mara nyingi hilo la nne ndilo lililochukuliwa kulipia yale matatu.

Halafu tunapiga hesabu ambayo watu wengi hawajawahi kuonyeshwa. Tuchukue mfano wa kawaida. Umekopa 200,000. Wamekata 20,000 ya fomu, umeondoka na 180,000. Unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 30. Jumla umelipa 300,000. Maana yake kwa mwezi mmoja umelipa 120,000 juu ya hela uliyoshika mkononi, theluthi mbili yake. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Katika 200,000 hiyo ni 7,000. Kuna watu wamelia hapo barazani baada ya kuona namba hizo mbili zimekaa pamoja kwenye karatasi moja: 7,000 na 120,000. Mama mmoja hakulia. Aliikunja karatasi, akaiweka kifuani, akaenda nayo kwa mkopeshaji peke yake, akarudi na punguzo. Sisi wote tulibaki tukimtazama.

Baada ya hesabu, wawili wetu wanakusindikiza. Hatuendi kugombana. Tunaomba mkataba tuusome, tunauliza leseni, tunaomba rejesho la siku ligeuzwe la wiki na lipunguzwe. Wengine wanakubali haraka kuliko unavyodhani, kwa kuwa mtu aliyekimbia na kuhama mtaa hamlipi mtu. Mkopeshaji asiye na leseni huwa hapendi maswali ya leseni, na hapo mazungumzo huwa mepesi zaidi.

Wakati huohuo unga unachukua kwa Mangi, ili ile elfu kumi usilazimike kuchagua iende kwa mkopeshaji au kwenye sufuria.

Wameshika kadi yangu ya benki na namba ya siri. Ni halali?

Si halali, hata kama ulitoa mwenyewe. Nenda benki yako uifunge kadi hiyo na uombe nyingine. Usiombe ruhusa kwa aliyeishika. Wastaafu ndio wanaoumizwa zaidi kwa mtindo huu: pensheni inaingia, mwingine ameshasimama kwenye mashine ya kutolea fedha kabla mwenyewe hajaamka.

Nilikopa kwenye simu, sasa wanawatumia ujumbe watu wangu wote kwamba mimi ni tapeli.

Mwanzoni tulidhani ni jambo la vijana, mpaka akaja mwalimu wa madrasa. Programu hizi zinapoingia kwenye simu zinaomba kusoma orodha ya namba zako, unabonyeza kukubali bila kusoma. Ukichelewa siku mbili, mkwe wako anapata ujumbe.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni. Angalia kama aliyekukopesha yumo, na angalia pia orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Hifadhi ujumbe wote, usifute kwa hasira. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kusambaza habari za deni la mtu kwa shangazi zake si haki ya mkopeshaji. Tunaye kijana anayewasaidia watu kuandika malalamiko. Anaandika vizuri, ila ukimwacha atajaza kurasa sita.

Na waambie watu wako wewe mwenyewe kabla hawajaambiwa. Najua ni kazi ngumu. Ukishasema, ule ujumbe wao unakuwa umechacha.

Mume wangu hataki nije. Anasema mnatangaza shida za watu.

Kwa ile picha ya mchele hatuwezi kumlaumu.

Ila kuna jambo jingine hapa. Wanaume hawaji Jumapili. Wanakuja Jumatano usiku, wanapita "kusalimia", wanazungumzia mpira nusu saa, Simba na Yanga, halafu wakiwa wameshavaa kandambili ndipo wanasema, "Hivi lile jambo lenu la Mangi linakuwaje?" Kwa hiyo tumeweka wazee wawili ambao kazi yao ni kukaa kijiweni Jumatano. Hawana daftari. Kijana wa bodaboda ya mkataba anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Akiumwa wiki moja anaweza kupoteza pikipiki aliyoilipia miezi kumi na nne. Wazee hawa wamekwenda kwa matajiri wa pikipiki mara kadhaa kuomba siku saba. Wakati mwingine wamepewa tano.

Mumeo mwambie apite kijiweni. Asitaje kikundi.

Mnasaidia kodi ya nyumba?

Hapana, ni kubwa kuliko mfuko. Mwenye nyumba anayetaka miezi sita kwa mkupuo tumewahi kumwomba apokee mwezi mwezi kwa muda, na baadhi wamekubali kwa sharti kwamba mmoja wetu asimame kama shahidi. Tunasimama shahidi tu. Dhamana hatuweki.

Mnaweza kuniingiza TASAF?

Hatuwezi, wala mwenyekiti wa mtaa hawezi peke yake. Kaya za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule unaoendeshwa na TASAF, hutambuliwa katika mkutano wa mtaa, kisha taarifa zao zinahakikiwa, na kazi hiyo hufanyika kwa vipindi. Huwezi kwenda dirishani siku yoyote ukaandikishwa. Utakaposikia mkutano umeitishwa, hudhuria. Wengi walioachwa ni wale ambao siku hiyo hawakuwepo na hakuna aliyewataja. Sisi tumejipa kazi moja: mkutano ukiitishwa, tunagawana majina ya wazee wasioweza kutembea ili kila mmoja awe na mtu wa kumtaja.

Atakayekuomba 20,000 "ya kuingiza jina" ni mwizi. Mlete kwetu, au tutajie amesimama wapi.

Nina mgonjwa na sina bima. Nianzie wapi?

Anza kabla bili haijakua. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha kwenye vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hazilipiwi. Haya yamo kwenye sera ya afya tangu 2007, ila mtu akiwa na jasho na mgonjwa mgongoni hayakumbuki.

Mtu wa kumtafuta hospitalini ni afisa ustawi wa jamii. Ana chumba, mara nyingi mwisho wa korido, na mara nyingi kuna watu kumi mbele yako. Chukua barua ya mtendaji wa mtaa kabla ya kwenda, maana bila hiyo atakurudisha. Barua ile tunaweza kukufuatilia siku hiyohiyo, kwa kuwa mwenzetu anauza chai mlangoni mwa ofisi ya mtaa na anajua mtendaji anaingia saa ngapi. Ukweli mwingine ni kwamba unaweza kupewa msamaha halafu ukaambiwa dawa haipo, kanunue nje. Hapo njoo na karatasi ya daktari, tunalipa dukani moja kwa moja kama bei haizidi kiwango chetu.

Kusubiri mpaka siku ya kuruhusiwa ndiko kunakoumiza watu. Mgonjwa amepona, nguo amevaa, na kwenye karatasi kuna laki tatu.

Elimu ni bure, sasa nyie mnasaidia nini shuleni?

Ada haipo, kweli: tangu Januari 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Sare, daftari, viatu na nauli bado vipo. Kila Desemba tunakusanya sare zilizowabana wenyewe, fundi cherehani wetu anazitanua au kuzipunguza, anabadilisha kola. Anasisitiza kola mpya kwa kila shati, kwa sababu kola iliyochakaa ndiyo inayomtambulisha mtoto kwamba amevaa cha mwenzake. Vitambaa anavipata kwa bei ya jumla Kariakoo.

Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, tuambie. Michango ya lazima ilipigwa marufuku Januari 2018, na walimu wakuu wengi wakifuatwa kwa ustaarabu hurekebisha. Nenda na mtu mzima mwenzako, usiende na hasira.

Binti yangu alipata mimba kidato cha pili. Amejifungua. Ndiyo basi?

Siyo basi. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida. Ugumu unaobaki ni nani atamshika mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na sare ambayo sasa haimwenei. La pili ni la fundi. La kwanza bibi wawili wa kikundi wanalishughulikia, na msiwaambie kwamba wanasaidia, wao wanasema wanacheza na mtoto.

Hela zenu zinatoka wapi, na nani anajua hamzili?

Wanachama tuko 31, kila mmoja anatoa 1,000 kwa wiki. Wengine hutoa zaidi, na aliyebanwa akikosa hatozwi faini. Mwezi wa Ramadhani na Krismasi zinaingia sadaka.

Sanduku la bati lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wasio ndugu na wasio marafiki wa karibu. Mtindo huu si wetu. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanza na wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE vilieneza sanduku la namna hii, likafika kwetu kupitia vikoba. Kila Jumapili linafunguliwa mbele ya wote, hela inahesabiwa kwa sauti, na kila mtu anatakiwa kukariri salio kichwani. Wiki ijayo anachaguliwa mmoja ovyoovyo alitaje kabla sanduku halijafunguliwa. Bibi yetu asiyejua kusoma hajawahi kukosea hata mia. Mimi mwenye daftari nimekosea mara mbili.

Kinachozidi kiwango tulichowekeana kinakwenda benki, na kutoa kunahitaji sahihi za watatu.

Ni wa dini gani? Chama gani?

Wote na hakuna. Tunafungua kikao kwa dua na kukifunga kwa sala, wiki inayofuata tunageuza. Wakati wa kampeni watu huja na kanga, fulana na ahadi. Wanachama wako huru kuvaa wanachotaka nyumbani kwao, ila siku ya kikao barazani hakuna rangi ya chama. Mwaka mmoja tulimrudisha mwenzetu akabadilishe kilemba. Alinuna mwezi mzima.

Mnapokea nguo za zamani?

Zilizofuliwa, ndiyo. Viatu viwe viwili.

Tunataka kuanzisha kikundi kama chenu kwetu. Tufanyeje?

Kwanza msianze na katiba. Anzeni na wiki nne za kuchanga na kumsaidia mtu mmoja, muone nani anatoa, nani anaongea tu, na nani anakwenda kutangaza. Katiba iliyoandikwa kabla ya hapo huwa na vyeo kumi na hela sifuri.

Mkishaelewana, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama mtakuwa mnawekeana na kukopeshana, nyie ni daraja la nne kwenye ile Sheria ya 2018, vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, ambavyo husajiliwa kupitia halmashauri. Wanachama wasipungue kumi wala kuzidi hamsini. Kwa maoni yangu, mkipita thelathini na tano kaeni mfikirie kugawanyika, kwa sababu hapo ndipo watu wanaanza kutofahamiana sura.

Usajili una faida nyingine. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Binti zetu wanaosuka nywele waliomba kupitia kikundi chao wenyewe, tukawasaidia kuandika andiko la mradi. Hatukuchanganya hela hizo na sanduku, na nawasihi msichanganye. Mkopo wa halmashauri ni deni, mfuko wa kusaidiana ni sadaka, na siku vikikaa kwenye bahasha moja hamtajua mnakula kipi.

Tafuteni Mangi wenu mapema. Asiwe rafiki wa kila mtu. Awe mtu anayenyamaza.

Niko Muscat, mama yangu anaishi hapo karibu nanyi. Naweza kutuma kupitia kwenu?

Mtumie mama mwenyewe kwenye simu yake. Ukitaka kuchangia mfuko, wasiliana na mweka hazina naye atakupa salio la wiki ile kabla hujatuma, ili ujue unaongeza kwenye nini. Na mpigie mama. Wapo wazee kwenye daftari la kijani ambao watoto wao wako ughaibuni na hawajui, kwa sababu mama kwenye simu husema "hatujambo, tunamshukuru Mungu" na kubadilisha mazungumzo.

Nikipata nafuu, natakiwa kurudisha?

Hutakiwi. Namba yako inafutwa kwa kalamu nyekundu na haitajwi tena. Wengine wamejiunga baadaye, wanatoa elfu moja yao kama sisi. Wengine hawataki hata kutusalimia, na tumejifunza kutosalimia kwa sauti.

Mnakutana lini, na nije na nini?

Kila Jumapili saa kumi alasiri. Kama ni mambo ya mkopo, leta mkataba na kile kikaratasi cha marejesho, hata kama kimelowa au kimechanika. Kama ni hospitali, leta kadi ya mgonjwa. Namba ya NIDA kama unayo. Kama huna chochote, njoo hivyohivyo, ukae benchi la nyuma. Mvua ikinyesha tunahamia jikoni, mlango wa uani, mbwa hafungwi lakini haumi.